Jirani Anataka Nimuwekee Mfuko Mpaka Baada ya Sikukuu

Bi Mshauri, assalamu alaikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 38. Nakaa Ng'ambo, mtaa nisioutaja kwa sababu nikiutaja tu watu watajua namsema nani. Mume wangu yuko Bara kwa kazi, huja kila baada ya miezi miwili mitatu. Nyumba ni ya urithi, ya marehemu baba mkwe. Haijagawiwa, na warithi wako saba. Riziki yangu ni vitumbua. Saa tisa za usiku niko jikoni, na ikifika saa kumi na mbili kasorobo deli liko barazani na wateja washaanza kuja.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa mtu wa miaka kama 35 ambaye mtaa mzima unamjua kuwa ni nunda. Kishaingia Chuo cha Mafunzo, yaani jela, mara mbili. Watu wanasema unga wa kulevya unaouzwa kichochoroni petu ni wake, na vijana wanaokwapua mikoba kwa pikipiki wanatoka kwake. Kwa macho yangu sijamuona akiuza. Ninachokiona ni vijana sita saba wanaokaa barazani kwangu kila siku baada ya Isha mpaka saa sita, saa saba za usiku. Ikija pikipiki, mmoja anainuka, anaingia naye kichochoroni, na dakika mbili hazipiti karudi.

Tabu yangu ni kuwa huyu mtu kwangu ni mwema. Mwaka jana mwanangu mdogo alishikwa na pumu saa nane za usiku. Ni yeye aliyetoa gari kutupeleka Mnazi Mmoja, akalipa vipimo na dawa, shilingi 85,000, na hajanidai hata siku moja. Simu yangu iliibiwa Darajani, akaniuliza ni ya aina gani, na baada ya saa mbili ikaletwa mpaka mlangoni. Ramadhani hupeleka tende na sukari kila nyumba. Mama yake ni mtu mzima wa heshima zake, tunapelekeana vyakula. Na mlango wangu wa uani una komeo bovu mwaka wa pili huu, lakini hajaingia mwizi.

Mwezi uliopita alinipigia hodi saa nne za usiku na mfuko wa begani umetiwa kufuli dogo. Akasema, "Dada, niwekee amana hii siku mbili." Nikauweka uvunguni. Usingizi sikuupata. Siku ya tatu akauchukua, akaacha shilingi 20,000 juu ya deli langu la unga wa mchele. Mume wangu sikumwambia. Sasa amekuja tena: anataka kuweka mfuko mwingine chumbani na pikipiki uani, mpaka baada ya sikukuu. Nimemwambia jibu nitampa Ijumaa.

Juu ya hayo, mwanangu mkubwa, miaka 15, kidato cha pili, wale vijana wameanza kumtuma. Akanunue vocha, apeleke chipsi, apeleke bahasha. Kazi ya dakika kumi wanampa 5,000. Juzi kaja na viatu vipya.

Shemegi yangu anasema niende polisi. Mama anasema nirudi kwao shamba. Jirani wa mbele ananambia jifanye huoni, yatakupita. Nikikataa nahofia atatugeuka. Nikikubali nahofia polisi, na nahofia kumfanyia khiyana mtu aliyenitendea wema. Nifanyeje?

Muuza Vitumbua, Ng'ambo

* * *

Waalaikumu salamu, dada yangu.

Umebeba mambo matatu kwa kichwa kimoja: deni la wema, mfuko wa Ijumaa, na mtoto. Yamekujia pamoja, kwa mtu mmoja, ndiyo maana kila ukivuta uzi mmoja unahisi yote yatakuporomokea. Hebu tuyatenganishe. Na tuanze na lile neno lililokukosesha usingizi: amana.

Unaogopa khiyana. Lakini khiyana ni ya aliyepokea kitu kisha akakivunjia uaminifu. Ambaye hajapokea hana cha kuvunja. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu hapa visiwani, kupokea amana si lazima, na asiyeweza kuihifadhi hatakiwi kuipokea. Wewe una komeo bovu, watoto watatu na mume aliye safarini. Kabla hata hujajiuliza kilichomo ndani, je, una uwezo wa kuhifadhi kitu ambacho mwenyewe, pamoja na ubabe wake wote, kinamshinda kukilaza nyumbani kwake?

Sisemi wema wake ni wa uongo. Mtu anaweza kuuza unga mchana na usiku huohuo akamhurumia kwa dhati mtoto anayekosa pumzi. Ila mambo mawili yaangalie upya. Simu iliyoibiwa Darajani na kurudi kwa saa mbili imerudishwa na mtu anayejua iko mkononi mwa nani. Na nyumba yako kutoguswa huenda ni kwa ajili yake. Huenda pia ni kwa sababu saa tisa za usiku, saa wezi wanayoitaka, taa ya jiko lako inawaka na wewe uko macho. Ulinzi mwingine ni wako mwenyewe na umemhesabia yeye.

Kinachonitia wasiwasi kuliko mfuko ni ile 20,000. Mfuko wa kwanza uliuweka hujui. Wa pili, kwa maneno ya barua yako, utauweka unashuku, na ushapokea malipo ya wa kwanza. Katika kesi za vitu kama hivi, swali kubwa ni mwenye nyumba alijua nini na alipata nini. Sheria ya dawa za kulevya ya Zanzibar ya mwaka 2021 haimtazami muuzaji peke yake. Mwenye nyumba anayeacha nyumba itumike naye yumo. Pikipiki ni hatari ya namna yake. Mfuko unafichika, lakini pikipiki ina nambari ya chasisi na ya injini, na waliokwapuliwa mikoba huikumbuka rangi. Ukuta wa uani unachungulika.

Sasa Ijumaa. Ukiamua kukataa, namna ya kukataa ina uzito kuliko kukataa kwenyewe. Sababu nyingi zinazoonekana nzuri hazidumu hata dakika mbili. Ukisema hakuna nafasi, ataleta vijana wakupangie vyombo. Ukisema komeo bovu, fundi atakuja jioni hiyohiyo, na hapo atakuwa kakufanyia hisani nyingine. Ukisema unaogopa polisi, atakwambia hapa hawafiki, na utakuwa umeshatamka mbele yake kuwa unajua kilichomo. Ukisema mume wako hataki, atampigia simu mume wako, na ugomvi utahamia kwa mwanamume mmoja mwenye jina na uso.

Sababu inayosimama ni ile ambayo yeye hawezi kuitengeneza wala kuibebesha mtu mmoja. Nawe unayo: nyumba ni ya urithi. Mwambie mume wako azungumze na ndugu zake kabla ya Ijumaa, wakubaliane kwamba mpaka nyumba igawiwe hakiingii ndani kitu cha mtu wa nje, na vilivyomo viorodheshwe. Lazima wakubaliane kweli, siyo uzue, kwa sababu ataulizia. Kisha shemegi yako aje mchana na daftari, apite chumba kwa chumba na uani, aonekane anaingia na anatoka. Umuombe hilo tu. Ukimsimulia yote, mtu aliyekwisha kusema "nenda polisi" anaweza kwenda kumkabili jirani kwa hasira, na wa kulala hapo usiku ni wewe. Warithi saba hawana shingo moja ya kukabwa.

Jibu mpe baada ya Alasiri, barazani, watu wanapita, sauti ya kawaida. Usimpe usiku mlangoni, wala kwa ujumbe wa simu, maana ujumbe unakaa na unaonyeshwa wengine. Sentensi iwe moja: "Wenye nyumba wamekaa, wamesema hakiwekwi kitu cha mtu mpaka igawiwe, na mimi mkaazi tu humu." Akiuliza nani kasema, ni wote. Akisema ni siku tatu tu, rudia sentensi ileile. Akitaja kodi, rudia. Usiongeze sababu ya pili. Kila sababu unayoongeza ni mlango unaomfungulia aubishie. Kisha umuulize hali ya mama yake na umfungie vitumbua vya kumpelekea, ili aone kilichofungwa ni chumba na ujirani uko palepale.

Anaweza kununa. Anaweza kukata salamu mwezi mzima, na vijana wakakutolea maneno. Hayo huuma lakini hupita. Akitamka kitisho, au akakwambia "utaona", hilo ni jambo jingine. Andika siku, saa, maneno aliyoyasema na nani alikuwepo, kwenye daftari lisilokaa nyumbani kwako. Akimgusa mtu, chukua PF3, ile fomu ya matibabu ya aliyeumizwa, polisi kabla ya hospitali ikiwa hali inaruhusu. Pakiwa na hatari ya papo hapo, nambari ya dharura ni 112.

Deni. 85,000 na 20,000 ni 105,000. Ukizirudisha zote siku unayomkatalia mfuko, atasoma kuwa unavunja ujirani. Kuna njia ya polepole: 10,000 kila wiki, kuanzia sasa, ya mwisho 5,000, jumla wiki 11. Mpe mkononi, mbele ya mama yake: "Ile ya dawa ya mtoto, Mungu akulipe." Huenda akakataa kupokea. Hapo mama yake amesikia kuwa unalipa, na hilo lina faida yake. Ila usimgeuze mama huyo kuwa mjumbe wa malalamiko. Mwanamume wa aina hii akiaibishwa mbele ya mamake huitafuta heshima yake kwa njia mbaya.

Na ili usiku wa pumu usimhitaji tena: pampu mbili za kuvutia dawa, moja ya kutumia na moja ya akiba, tarehe ukizikagua kila mwanzo wa mwezi. Pia dereva mmoja wa gari mtaa wa pili mliyepatana mapema akubali kuamshwa, na nauli yake imetengwa kwenye kopo. Huo ndio uzi aliokushika nao.

Baraza nayo ni yako, na kuirudisha kunataka subira. Usiwafukuze. Kila siku kabla ya Magharibi ifagie, uioshe kwa ndoo mbili za maji, na uyaache maji kwenye vile vishimo vya saruji. Watu wa mjini wote wanaosha baraza, hakuna wa kulihoji hilo, na hakuna anayekaa juu ya saruji majimaji na suruali safi. Wiki mbili tatu wataanza kuhamia kwengine. Maji yatangulie kabla hawajakaa. Ukimwaga walipokwisha kaa, umewatukana. Taa iwekwe juu, swichi ndani, balbu ndani ya kizimba cha waya, la sivyo itavunjwa wiki ya kwanza. Na kama mtaani kuna wazee wanaotafuta pahala pa kuchezea bao baada ya Alasiri, wapelekee jamvi. Baraza yenye wazee wanne ni vigumu kuigeuza kijiwe.

Nije kwa mwanao, na hapa nitakaa kidogo, maana kati ya yote matatu hili ndilo lisilongoja Ijumaa.

Mtoto hafungishwi kete za unga siku ya kwanza. Hutumwa vocha, kitu cha halali kabisa. Kisha hulipwa zaidi ya thamani ya kazi, ili mia tano unayompa wewe ya kwenda dukani ionekane dhihaka. Kisha hupewa kitu cha kumfanya aonekane, kama viatu. Halafu huja siku mzigo "unapotea" njiani, ama kwa kuporwa na watu waliopangwa, ama kwa kuambiwa umepungua, na anaambiwa anadaiwa. Kuanzia hapo halipwi tena, analipa. Mwanao, kwa unavyoeleza, yuko kwenye viatu. Deni bado halijafika, na mpaka huo una thamani kubwa. Muulize swali moja, mkiwa wawili, unapotia tui kwenye unga na macho yako yako kwenye deli badala ya usoni kwake: "Kuna mtu anakudai?" Akisema ndiyo, usipige kelele. Uliza nani, kiasi gani, tangu lini.

Usimwambie asipite kwenye kona ile, hana njia nyengine ya kufika kwao. Mpe cha kusema. "Mama kanituma" ni ngao nzuri kwa mtoto wa miaka 15, kwa sababu hajakataa yeye, umekataa wewe. Na awe kweli ametumwa: kati ya kutoka skuli na Isha awe na pa kwenda, chuoni, mpirani, kwa ami yake, siku zote kwa saa zilezile, hata wale vijana wazizoee. Viatu usivichome wala kuvirudisha kwa kishindo. Mnunulie vingine, hata vya mtumba, kisha vile vipotee. Kumpeleka shamba au Pemba likizo ni njia mojawapo, lakini akipelekwa bila maelezo ataona ameadhibiwa, na unga haukuishia mjini.

Ukiona anajikuna, anasinzia mchana, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, au ukasikia wenzake wakitaja "kokteli", yaani bangi iliyochanganywa unga, mpeleke hospitali. Kidongo Chekundu, hapa mjini, kuna kliniki ya methadone, dawa ya kuwatibu walionaswa na unga, kwa waliokwisha zama, na wataalamu wa hapo ndio wa kupima hali yake. Usimfungie chumbani akajitolea alosto, yaani maumivu ya kukosa unga, peke yake.

Umetaja polisi. Shemegi yako hakukosea, wala wewe hukukosea kusita. Kabla ya kusema jambo lolote kwa mtu yeyote mwenye mamlaka, jiulize hivi: watu wangapi wangeweza kulijua jambo hili? Habari za vijana wa kichochoroni zinajulikana na watu mia, hazikuonyeshi wewe. Habari za mfuko uvunguni zinajulikana na wawili, yeye na wewe, na zikivuja hana haja ya kukisia. Kwa hivyo anayetoa habari husema vitu na saa, pikipiki ya rangi fulani, kona fulani, saa fulani, na huacha yale anayoyajua yeye peke yake. Ya mfuko wa kwanza ni ya kumwambia mwanasheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo kwa ajili hiyo tangu 1992, na ushauri wake ni bure kwa wasio na uwezo. Waeleze yote hapo, na ile 20,000 usiifiche.

Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, naye ana njia yake. Masheha wengi wanafanyia kazi nyumbani, na anayesubiri barazani kwa sheha anasikia ya aliye ndani. Nenda na haja nyingine ya kweli, barua ya skuli au ya cheti cha kuzaliwa, na umuombe dakika mbili uani. Kujuana naye kunakusaidia hata usiposema kitu. Polisi wakija kupekua, kwa kawaida huja na sheha au shahidi wa mtaa, na ni tofauti kubwa akiwa anakujua wewe ni muuza vitumbua, siyo "nyumba ya tatu kutoka kwa fulani". Wakija, usikimbie wala usizuie mlango. Fuatana nao chumba kwa chumba, na usome kilichoandikwa kabla ya kutia saini. Kwa habari za mwanao kutumwa, Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi linafaa kuliko kaunta. Mama anayeingia pale na mtoto wake hashangazi mtu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamuangalia mtoto kwa macho mengine kuliko mtu mzima. Wanaowatuma watoto wanalijua hilo vizuri.

Kuhama nako nisikupunguzie wala nisikutie moyo. Utapata usingizi, hilo kweli. Lakini wateja wa vitumbua hawahami nawe, mwenye nyumba atataka kodi ya miezi kadhaa mbele, na nyumba ya urithi iliyobaki tupu karibu na mtu huyu hujazwa, leo na pikipiki, kesho na watu. Ukihama, aingie mrithi au mpangaji mnayemjua siku ileile unayotoka. Na kwa vyovyote, wahimize ndugu wa mumeo waanze mambo ya mgao kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba isiyogawiwa inakupa sababu ya kumjibu Ijumaa, lakini haikupi pa kusimama miaka kumi.

La jirani wako wa mbele, jifanye huoni, limewatosha wengi. Lingekutosha na wewe kama hodi ingepigwa kwake.

Leo mpigie mume wako. Anza na habari ya mfuko wa kwanza, umwambie kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na mtu, kisha ndiyo umuombe awapigie simu ndugu zake. Atakasirika kwa kuwa ulinyamaza, mwache akasirike mpaka amalize. Na ukishavuka Ijumaa tuandikie imekwendaje. Ukitaka isichapishwe, andika "siri" juu ya barua, itasomwa na mimi tu.